Pweza wa Mwalimu Yunusi

Kristina hakutaka kwenda. Alikuwa amewapikia mapadri wa misheni kule juu milimani kwa miaka tisa, na hakuna aliyewahi kusukuma sahani kando. Lakini Kwaresima ilikuwa imeingia, mgeni mkubwa wa Kanisa alikuwa njiani kutoka Dar es Salaam, na tangu reli ifike Morogoro samaki wa baharini walikuwa wakishushwa stesheni wangali na unyevu. Tena yule Mjerumani mwenye hoteli pale mjini alikuwa ametangaza kwamba mpishi wake atawafundisha wapishi wa nyumba nyingine kwa siku moja.

"Nenda ukajifunze," Padri alisema. Kristina akajifunga kanga, akateremka akinung'unika njia nzima.

Mwalimu mwenyewe aliitwa Yunusi. Alikuwa na kilemba kikubwa kuliko kichwa, na kanzu nyeupe ambayo mpishi mwenye akili zake asingeisogeza karibu na sufuria. Alisimama mlangoni mwa jiko akingoja kuamkiwa. Kristina, ambaye angeweza kumzaa, alimtazama tangu kilemba mpaka makubadhi, kisha akasema, "Hujambo."

Wapishi wawili wa mabwana wa reli walikuwa wamekwisha kaa kwenye benchi. Kristina akaketi pembeni.

"Bahari," Yunusi alianza, "si kijito cha kwenu cha kuchotea maji. Mimi nimepika melini, nahodha akala akalamba vidole. Ninyi watu wa milimani mmezoea kunde na panya. Leo mtaonja chakula cha watu."

Debe tupu, Kristina alijisemea.

Asubuhi ikaliwa na maneno. Walifundishwa majina ya samaki ambao hawakuwapo, wakafundishwa jinsi nahodha alivyopenda kitambaa chake kikunjwe. Jua lilipokwisha panda ndipo kikapu kilipofunguliwa. Chini ya mwani walikuwamo pweza wanne. Kristina alikuwa hajapata kumwona pweza maishani, lakini hakuona cha kushangaza: matumbo ya mbuzi yaliyokosa mbuzi. Kilichomshangaza ni mwalimu, aliyemwinua wa kwanza kwa ncha za vidole viwili, uso kaugeuza, kama mtu anayeokota winda lililochafuka la mtoto wa jirani. Akawatosa wawili katika maji yanayotokota, akamwaga chumvi kwa kiganja.

"Anachemka muda gani?" Kristina aliuliza.

"Mpaka aive."

"Na kuiva kwake kunajulikanaje?"

"Kunajulikana kwa ajuaye. We mama, badala ya kunichosha kwa maswali, vuka njia ukaniletee bizari."

Ng'ambo ya njia palikuwa na duka la Mhindi mmoja, na mkewe, Bi Rubab, ndiye aliyekuwa akipima. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Pangani, mwenye sauti ya chini. Aliuliza bizari ni ya kupikia nini. Kristina akamweleza.

"Amempiga?" Bi Rubab aliuliza.

"Amempiga nani?"

"Pweza. Asipopigwa anakuwa kiatu. Apigwe mpaka alegee, kisha aive polepole kwa maji yake mwenyewe, chumvi baadaye. Tui la nazi mwisho." Akamtazama Kristina vizuri. "Huyo mpishi wenu mtu wa wapi?"

"Wa baharini, anasema."

Bi Rubab akafunga bizari, akaongeza nazi mbili. Akatabasamu.

Kristina aliporudi, alimkuta mpishi mmoja wa reli anatafuna huku machozi yakimtoka. Yunusi alikuwa amevua kilemba. Bwana mwenye hoteli alikuwa amepita: wageni sita watakula saa saba, na chakula kikimwaibisha, mpishi atapelekwa bomani.

Tusifiche, Kristina alifurahi kwanza. Aliketi akaifurahia furaha yake kwa kitambo. Lakini alikuwa anaijua hamsa ishirini ya bomani, viboko ishirini na vitano. Kaka yake Lukasi alipigwa viboko hivyo kwa kukosa siku moja ya kulima barabara, akalala kifudifudi mwezi mzima, naye ndiye aliyekuwa akimwosha mgongo.

"Umezaliwa wapi wewe?" aliuliza.

Yunusi alitazama chini. "Kilosa."

"Na melini?"

"Nilikuwa naosha sahani. Siku tatu. Zote nilitapika."

"Nilidhani hivyo," Kristina alisema, akasimama. "Vua hiyo kanzu ukakune nazi. Na ninyi wawili, leteni kinu."

Akamtia pweza wa tatu kinuni, akatwanga kama anayetwanga mtama, na kila mchi uliposhuka alikuwa na jina jipya la kumwita Yunusi, kimoyomoyo. Wale wa sufuriani akawarudisha motoni, wachemke taratibu mpaka wakubali. Saa saba sahani zilikwenda zimejaa, zikarudi nyeupe.

Mwenye hoteli akaja jikoni, uso umemwiva kwa bia na furaha, akampiga Yunusi begani. Yunusi alikuwa amekwisha vaa kilemba.

"Nimewafundisha, bwana," alisema. "Huyu mama wa mlimani ni mzito wa kuelewa, lakini nimemvumilia."

Wapishi wa reli wakamgeukia Kristina. Neno moja lingetosha, na boma halikuwa mbali. Kristina alimtazama Yunusi kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua akijiuliza kama inafaa kusuguliwa.

"Nimejifunza, bwana," alisema.

Kisha akainama kikapuni, akamtoa pweza wa nne, akamviringisha katika mwani mbele ya macho ya mwalimu, akaondoka naye bila kuaga.

Kesho yake mgeni wa Kanisa aliomba aongezewe pweza. Padri alifurahi mno, akaja mwenyewe jikoni kusema kwamba atamwandikia mwenye hoteli barua ya kumsifu yule mwalimu.

"Mwandikie," Kristina alisema, akiendelea kuchambua mchicha. "Ataifurahia. Hana kingine."