Mwalimu wa Visogo

Kijiba cha roho hakichagui umri. Kingekuwa kinachagua, kisingemvamia Mwalimu Kengele, mwanamke mzima aliyebakiza muda mfupi tu astaafu. Jina hilo alipewa na watoto kwa sababu ya sauti yake: akisema "ba" darasa la kwanza A, wapita njia huko nje wanaitikia "be". Nusu ya mtaa ilijifunza kusoma kwake, fundi viatu, mshona nguo, hata mwalimu mkuu mwenyewe, ambaye mpaka leo hathubutu kumwamkia akiwa amekaa.

Sasa mtu kama huyo akishindwa kumfundisha mjukuu wake wa damu, uso atauweka wapi?

Mjukuu aliitwa Kidoti, kwa alama nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni, na aliishi na bibi yake tangu mama yake alipokwenda kufanya kazi mbali. Darasani alikaa dawati la mbele kabisa. Wakisoma wote kwa pamoja, naye anasoma, tena kwa mbwembwe. Lakini siku mwalimu mkuu alipopita kusikiliza mtoto mmoja mmoja, Kengele akiwa ameketi pembeni midomo ameifunga, Kidoti alisimama akatoa macho, neno halikutoka.

"Mwalimu wangu, usinielewe vibaya," mwalimu mkuu alimwambia baadaye. "Mtoto wa nyumbani anamzoea mno mwalimu. Aende B mpaka mwisho wa muhula, kisha nitamsikiliza mwenyewe. Akisoma, abaki huko. Asiposoma, nitakurudishia."

Atamrudishia, kama sufuria ya kuazima. Kengele alijibu kwamba ni sawa, na haikuwa sawa hata kidogo.

Huko B kulikuwa na binti aliyetoka chuoni juzi juzi, sauti ya chini, viatu vipya, na wazazi walishaanza kumsifia getini. "Kipya kinyemi ingawa kidonda," Kengele alisema ofisini huku akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Kilichomkera zaidi ni namna yule binti alivyofundisha. Akishaandika ubaoni, anapita katikati ya madawati mpaka nyuma ya darasa, anaegemea ukuta, na kuwaacha watoto watazamane na ubao peke yao.

"Jamani, kuna mwalimu wa kufundisha visogo?" Kengele aliuliza, na walimu wakacheka. Tangu siku hiyo wakamwita Mwalimu wa Visogo, ingawa si mbele yake.

Yeye Kengele alisimama mbele. Kila silabi aliisema pamoja na watoto, midomo ikifunguka na kukunjika, hata wa dawati la mwisho aone. Wakati mwingine alinyamaza akatamka kwa midomo mitupu, na darasa zima likapaza sauti. "Mwalimu ni mdomo," ndivyo alivyowaambia wanaoanza kazi.

Madarasa hayo mawili yalitenganishwa na ukuta wa mbao, na ubao mmoja ulikuwa na tundu. Miaka yote Kengele alilifunika kwa picha ya wanyama. Muhula huo picha ilihamia ukuta wa pili, na kiti chake kikasogea karibu na tundu. Watoto wake wakiandika, yeye jicho lake liko B.

Asubuhi moja akamsikia. Ilikuwa sauti ya Kidoti, peke yake, ikienda taratibu: "Ba-ba... a-na-li-ma... vi-a-zi."

Bibi mwingine angepiga vigelegele. Huyu aliruka kitini akaligeukia darasa lake. "Kalamu chini. Wote, kwa nguvu: ma, me, mi, mo, mu!" Akawasomesha mpaka bati likatikisika na ile sauti ndogo ikazama. "Amekariri," alijiambia. "Hata kasuku anasema."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Ilikuwa mwalimu kasema hivi, mwalimu kasema vile. Kidoti alianza kuinamisha kichwa upande akisikiliza, kama yule binti.

"Bibi, mwalimu wetu ananukia vizuri."

"Hata mimi naoga," Kengele alisema.

Jioni moja akichambua mchele, alimkalisha mbele yake, uso kwa uso, akampa kitabu. Kidoti akafungua. Akatazama ukurasa kidogo, akainua macho kumtazama bibi. Bibi kabana midomo. Wakakaa hivyo mpaka kitabu kikafungwa. Kengele alimwonea huruma, hilo tusimnyime. Lakini chini ya huruma ile alifurahi, na furaha hiyo ilimfanya asahau kokoto kwenye mchele, wakazitafuna wote wawili usiku ule. Mtoto hajafundishwa kitu. Atarudi A, dawati lake la mbele.

Siku ya kusikilizwa, Kengele aliwahi ofisini kwa mwalimu mkuu akasimama kando ya ubao mdogo, kama alivyozoea kusimama darasani. Yule binti aliingia na Kidoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu, kwa ulimi tu.

Mwalimu mkuu aliandika sentensi ambayo haimo kitabuni. Kidoti akaitazama mara moja, kisha macho yakamhamia bibi. Hayakwenda machoni kwa bibi. Yalitua mdomoni, yakaganda hapo, yakingoja.

Ndipo Kengele alipoelewa. Mtoto huyu hakuwahi kusoma ubao wake hata siku moja. Alikuwa akisoma midomo yake. Na wangapi wengine, katika miaka yote hiyo? Hata hivyo, Mungu amsamehe, aliendelea kuibana midomo, maana kimya kile ndicho kilichokuwa kinamrudishia mjukuu.

"Samahani, mama," binti alisema taratibu. "Naomba usimame huku nyuma, pamoja na mimi."

Angekataa, angeonekana vipi? Alipita kando ya mtoto, akaenda kusimama ukutani. Sasa mbele yake hakukuwa na kitu ila kisogo cha Kidoti na utepe aliomfunga mwenyewe asubuhi.

"Ku-ku we-tu," Kidoti alianza, "a-me-ta-ga... chi-ni ya ki-ti." Akairudia bila kukatakata: "Kuku wetu ametaga chini ya kiti." Akacheka, kwa kuwa alikuwa ameielewa.

Mwalimu mkuu alipiga makofi. Yule binti alijifuta jicho. Kengele alishikwa na wivu. Kisogo kile alikibeba mgongoni, alikiosha, alikisuka, na aliyekifungulia kusoma ni mwingine.

Kidoti aligeuka kumtafuta. Akauona uso wa bibi yake ulivyo, na kicheko kikamkatika.

"Nimekosea, Bibi?"

Hapo wivu ulikuwa bado upo, tena mzimamzima. Kengele aliumeza hivyo hivyo.

"Hujakosea, mama. Geukia ubao, unisomee tena."

"Nawe utabaki huko nyuma?"

"Nitabaki," alisema, na kwa kuwa midomo ilishaanza kucheza yenyewe, aliiziba kwa kiganja.