Buti za Mayala

Paskazia aliitupa testa mezani kwa Ngosha, muuza vifaa vya umeme, ikadunda katikati ya swichi na soketi, ikalala. Bisibisi ndogo tu yenye taa ndani ya mpini, mali iliyomwagika Igoma kwa makasha tangu biashara ya nje ilipofunguliwa milango.

"Shikamoo, Mama Mayala."

Hakuitikia. "Umeniulia mwanangu kwa takataka zako. Alipima waya, taa haikuwaka, akaamini umeme umekatwa. Leo siku ya tisa yuko chini ya udongo."

Wapita njia wawili wakasogea, wanatafuna miwa. Ngosha alivua ndala, akakanyaga sakafu kwa nyayo tupu, akaichomeka ncha ya testa kwenye soketi ya ukutani huku dole gumba likigusa kisogo cha mpini. Taa ikawaka, nyekundu kama jicho la mtu aliyekesha msibani.

"Nzima hii. Kabla ya kupanda kwenye waya aliijaribu hivi, penye umeme wa hakika?"

"Sijui."

"Miguuni alivaa nini?"

Hilo alilijua. Buti za mpira. Alizinunua mwenyewe, akamwapisha kijana asiguse waya bila hizo, na kila asubuhi alisimama mlangoni kumkagua. Umeme aliuogopa kuliko mamba wa ziwani. Mayala alikuwa akicheka: "Mama, kazini kwa Fundi Bagenda wananiita mvuvi." Lakini alizivaa.

"Buti," alisema.

"Na nasikia alisimama juu ya kreti kavu, jua la saa saba usoni." Ngosha alicheka kwa pua. "Testa hii inataka umeme kidogo upite mwilini mwako, ushuke ardhini, ndipo taa iwake. Wewe ukamzibia njia kwa mpira. Taa ikafifia, hakuiona. Akashika waya kwa mkono huu, na huu akashika bati. Usinililie mimi, mama. Kamlilie aliyemvalisha."

Mtafuna muwa mmoja akacheka, akatema makapi karibu na miguu yake.

Nyumbani, mkwewe Kija, mjane wa Mayala, alikuwa amezisugua zile buti na kuzianika juu ya jiwe la uani.

"Amesemaje, mama?"

"Testa ilikuwa mbovu." Uongo ulitoka laini kama uji.

"Mungu atamlipa." Kija alizigeuza buti zipate jua upande wa pili. "Hizi nimemwekea shemeji Luhaga. Jumatatu anaanza kwa Fundi Bagenda, mahali pa kaka yake. Fundi amempa testa yake mwenyewe, nzuri."

Paskazia aliingia jikoni, akatoka na kisu cha kumenyea mihogo. Akaketi juu ya jiwe, akaipakata buti ya kushoto, akaanza kuichana kutoka kisiginoni. Mpira ulikuwa mgumu. Kisu kiliteleza kikamkata kidole, asisite.

"Mama! Unaharibu buti nzima! Si umesema ni testa?"

Akaivuta ya kulia.