Abiria wa Jukwaa la Pili

Jumanne moja ya Februari 1982, saa tisa alasiri, Qabale alikuwa akikamua mbuzi kando ya uzio alipomwona mwanamke mwenye sweta ya kijani akija kutoka upande wa ndani, amebeba sanduku la bati. Uzio huo uliwekwa na wapimaji mwaka uliotangulia, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Garbatulla. Walisema reli ya Nanyuki itakutana hapo na reli ya Moyale, na abiria watashuka wabadilishe treni. Kisima alichochimba baba yake Qabale kiliangukia kwenye jukwaa la pili la mchoro wao, kwa hiyo nacho kilizungushiwa waya. Reli yenyewe haikuwa imeanza. Fedha zake zilikuwa bado zinaombwa ng'ambo.

"Habari yako, mama," mwanamke alisema. "Treni ya Moyale inasimama upande gani?"

"Bado haijajengwa," Qabale alijibu. "Wewe umekuja na gani?"

"Ya Nanyuki. Imenishusha sasa hivi."

Qabale alitazama nyasi nyuma ya mgeni. Hazikuwa zimekanyagwa. Akamuuliza kama Nanyuki kumenyesha, akaambiwa kumenyesha kidogo.

Mwanamke huyo aliitwa Kagwiria. Alikuwa mwalimu, na alikuwa na barua ya kuripoti kazini Moyale. Kesho yake walishuka wanne, Ijumaa kumi na mmoja, mmoja wao na kuku. Walikaa juu ya mizigo yao wakisubiri. Bonaya, askari wa uzio, aliwaacha wanywe maji ya kisima, maana barua ya ofisi ilisema maji ni ya abiria. Qabale aliendelea kupeleka mbuzi wake sitini mtoni, nusu siku kwenda na kurudi. Jioni Kagwiria alimpitishia birika la maji kati ya nyaya. Yalitosha chai. Mbuzi hawanywi chai.

Mwezi wa Aprili alifika Ephantus Githae, karani wa mipango kutoka Isiolo mjini. Aliwahoji abiria wote. Alitaka kujua viti vilikuwa vya mbao au vya ngozi, na kama treni ilisimama Isiolo. Aliandika kila kitu.

"Wafadhili wanauliza kama abiria watakuwako," alimwambia Qabale. "Sasa tunawaonyesha hawa."

"Na kisima changu?"

"Stesheni ikijengwa, mama, utawekewa bomba huku nje."

Jibu lilikuja Agosti. Ephantus alilileta mwenyewe, kwa sababu aliona aibu kulituma. Wafadhili walikuwa wameisoma ripoti kwa furaha. Waliridhika kwamba abiria wanafika vizuri bila reli, hivyo hawakuona sababu ya kuijenga.

"Basi toeni hii waya," Qabale alisema.

"Faili ya stesheni imefungwa. Ya ardhi iko ofisi ingine, na kwa vitabu vya huko, hapa ni mali ya reli."

"Reli gani?"

Ephantus alifungua mkoba wake. Alitoa kitabu cha tikiti kilichochapishwa kama mfano, akaandika jina la Qabale kwenye moja. Hilo ndilo aliloweza.

Bonaya aliikagua tikiti, akaitoboa, akafungua lango. Qabale aliinama akanywa maji ya baba yake taratibu, mpaka pumzi ikamwishia. Alipogeuka aliona mbuzi wamesukumana langoni, na Bonaya ameziba njia kwa mguu.

"Na hawa wako na tikiti?" Bonaya aliuliza, bila ubaya.

Septemba mto ulikauka. Qabale alihamia Rapsu, kwenye mifereji ya wakulima. Kagwiria alifuatana naye, amembeba mwanambuzi mgonjwa, akisema hata Rapsu kuna watoto wa kufundisha. Walitembea siku tatu. Kati ya mbuzi sitini walifika thelathini na wanane. Kule nyuma abiria waliendelea kushuka, na Bonaya aliwapokea mizigo.

Mwaka uliofuata shule ya Rapsu ilipelekewa ramani mpya ya wilaya. Kagwiria aliitundika ukutani, na Qabale, aliyekuwa ameleta maziwa, akamwomba amwonyeshe kwao. Kagwiria aliweka kidole kwenye duara jeusi la stesheni, karibu na Garbatulla.

"Na hii ya buluu hapa kando?"

"Wanasema kuna maji."

"Yapo," Qabale alisema, akaenda kuwatoa mbuzi kwenye mahindi ya watu.