Kidole Gumba cha Beldina Awuor

Jumanne moja ya Februari 1991, saa tatu kasorobo asubuhi, gari la watalii kutoka Kisumu lilisimama mbele ya geti la Msitu wa Kadero. Dalmas Ogola, mwongoza watalii, alikuwa akifuta darubini kwa pindo la shati lake la kijani. Watalii saba walishuka, wakanyoosha miguu, wakapakana mafuta ya kufukuza mbu. Maximilla Nasambu, karani wa geti, aliwakatia tiketi, na Dalmas akawapa masharti: wasitoke njiani, wasichume jani, wasiwape wanyama chakula, wasipige kelele.

Kadero ni kipande cha msitu wa mvua kilichobaki kati ya Bondo na Luanda Kotieno. Miti yake ni mirefu kiasi kwamba ukitaka kuona kilele lazima ushike kofia. Ziwa halionekani kutoka ndani, ila upepo ukigeuka harufu ya dagaa wa omena wanaoanikwa huingia hadi kwenye mizizi.

Katika kituo cha tatu Dalmas aliwasimamisha watalii chini ya mkuyu na kuwaonyesha mbega. Walikuwa kumi na mmoja, weusi, na manyoya marefu meupe yakining'inia mabegani kama shela. Wa nane alikaa peke yake kwenye tawi la chini, kafunga kichwani kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa. Huyo alikuwa Beldina Awuor, mama yake Dalmas.

"Dalmas, umekula?" aliuliza.

"Nimekula, Mama."

"Umekula nini?"

"Chai na mandazi."

"Hiyo si chakula."

Mtalii mmoja mwenye daftari alitaka kujua mbega amesema nini. Dalmas akamweleza. Mtalii akaandika, kisha akauliza mandazi inaandikwaje.

Baada ya hapo Dalmas alisoma maneno ya ofisi, yaliyopigwa chapa kwenye karatasi na kufunikwa kwa plastiki ili yasilowe. Yalisema kwamba Msitu wa Kadero haujawahi kukaliwa na binadamu.

"Mwongo," Beldina alisema kutoka juu.

"Na huo ni mlio gani?" aliuliza mtalii.

"Mlio wa kuonya," alisema Dalmas. "Mbega huutoa akisikia jambo lisilo sawa."

Hatua kumi kutoka hapo palikuwa na kaburi la baba yake. Karatasi ililiita kichuguu cha kale.

Kadero maana yake ni kwa Adero, na Adero alikuwa babu wa babu yake Dalmas. Mzee Ogola, baba yake, alifariki Agosti 1984, akazikwa mbele ya nyumba yake, upande wa kulia. Upande wa kushoto palikuwa pa Beldina, siku yake ikifika. Hakuna aliyelisema hilo kwa sababu hakuna asiyelijua. Nje paliwashwa moto wa magogo makubwa, ule unaoitwa magenga, na kwa siku zote za msiba hakuna mtu wa boma aliyelala ndani. Walilala kwenye mikeka kuuzunguka moto, mjane akiwa karibu zaidi.

Wiki hiyohiyo serikali ilituma watu wa kuhesabu wenyeji, ili wapewe ardhi mahali pengine kabla msitu haujafungwa. Maagizo yao yalikuwa mafupi: atakayekutwa amelala ndani ya nyumba aandikwe mwenyeji, atakayekutwa nje aandikwe mgeni. Walifika saa kumi na mbili asubuhi. Walikuta nyumba tano tupu na watu thelathini na mmoja uani.

"Mama, umelala wapi?" karani alimuuliza Beldina.

"Hapa nje, kama unavyoona."

"Na hii nyumba ni ya nani?"

"Ni yangu. Lakini saa hii hatulali ndani."

Karani aliandika mgeni. Beldina hakujua kusoma, kwa hiyo karani alimshika mkono, akachovya kidole chake gumba kwenye wino wa zambarau na kukikandamiza kwenye karatasi. Alifanya hivyo kwa wote thelathini na mmoja. Kisha akakaa, akala ugali na nyama ya matanga, akasema poleni sana, akakunja meza yake, akaondoka. Oktoba ua wa waya ulipojengwa, wageni waliambiwa warudi kwao.

Beldina alienda Kisumu, akakaa na mwanawe kwenye chumba cha kupanga huko Migosi. Alirudi Kadero mara tatu. Mara ya kwanza alikutwa akipalilia kaburi, akaonywa. Mara ya pili alifungwa miezi miwili. Mara ya tatu askari wa msitu alimpiga rungu kwenye goti la kulia, na tangu siku hiyo goti halikukunjika. Wakati huo Dalmas alikuwa ameshaajiriwa mle mle msituni, kwa kuwa katika watu wote walioomba kazi, yeye pekee ndiye aliyeujua kila mti kwa jina.

Siku aliyopigwa, Beldina alikaa chini ya ubao wa geti akingoja gari. Alimwomba Maximilla amsomee ubao.

"Unasema mtu haruhusiwi kulala ndani," alisema Maximilla. "Ni wanyama peke yao."

"Na wao wanaandikiwa kibali?"

"Hawaandikiwi, Mama."

"Wanalala wapi?"

"Popote wanapotaka."

Beldina alifikiria hilo mpaka gari likafika. Wiki hiyo manyoya yalianza kumwota mabegani. Mwezi wa pili alikuwa na mkia, na mwenye nyumba kule Migosi akamwambia Dalmas kwamba mkataba hauruhusu kufuga wanyama. Dalmas akampakia mama yake kwenye gari la watalii, kiti cha nyuma, dirishani, wakaenda Kadero.

Mhifadhi wa msitu alikuwa Bwana Enos Shitanda, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimkagua Beldina mbele na nyuma, akafungua daftari lake, akaandika: mbega, jike, mzee, jeraha la zamani goti la kulia. Siku tatu baadaye daktari wa wanyama alitoka Kisumu kwa ajili ya goti hilo. Alilifunga bandeji, akaacha dawa ya wiki mbili. Askari aliyelivunja ndiye aliyepewa kazi ya kumpelekea maji asubuhi na jioni, na kwenye ubao wa ofisi pakabandikwa tangazo kwamba yeyote atakayemdhuru mbega wa Kadero atashtakiwa. Miaka mitano Beldina Awuor alikuwa ameiomba serikali hiyo hiyo mahali pa kulala. Sasa alilala kwenye tawi lililo juu kabisa ya kaburi la mume wake, na hakuna aliyemuuliza chochote.

Jambo moja tu lilibaki. Sheria ilisema kwamba mnyama anayefia ndani ya hifadhi ni mali ya serikali. Maximilla alimtajia Beldina hilo bila nia mbaya, walipokuwa wakizungumza kuhusu mvua.

"Wewe utanizika wapi?" Beldina alimuuliza mwanawe jioni hiyo, watalii walipokwisha kuondoka.

"Kushoto kwa Baba."

"Basi andikisha. Hawa watu usipoandikisha kitu kwao hakipo."

Dalmas alienda ofisini. Fomu ilikuwepo. Iliitwa Ombi la Kuzikwa Ndani ya Hifadhi, na ilihitaji kujazwa na mwombaji mwenyewe akiwa hai. Shitanda aliibeba mpaka chini ya mkuyu, pamoja na wino, kwa sababu Beldina na goti lake hakupenda kushuka mbali. Dalmas alijaza jina. Beldina akateremsha mkono.

Shitanda aliushika, akaugeuza taratibu, akahesabu.

"Vidole vinne," alisema. "Mbega hana gumba."

"Tumia kingine," alisema Dalmas.

"Fomu inasema gumba."

"Bwana Shitanda, alikuwa nacho."

"Siwezi kupiga chapa kitu alichokuwa nacho."

"Basi nitie sahihi mimi. Mimi ni mtoto wake."

Shitanda alifungua daftari lake la wanyama, akamwonyesha. Kwenye safu ya watoto, mbele ya jina la Beldina, palikuwa na kistari. "Ningeandika nini?" aliuliza. "Mbega akizaa mwongoza watalii, hata wewe ungekubali?" Alifunika wino ili usikauke.

"Huyu naye," alisema Beldina, akarudisha mkono wake juu.

Alikufa Aprili 1992, saa nne asubuhi, wakati wa ziara. Alishuka mwenyewe kutoka kwenye mkuyu, akavuta mguu hadi kaburini, akalala ubavu kwenye upande wa kushoto, akalainisha kitambaa chake. Watalii walikuwa tisa siku hiyo. Walivua kofia. Dalmas aliweka darubini chini, akaenda kibandani kuchukua jembe, akaanza kuchimba. Mtalii mmoja mzee alimsaidia kuondoa mawe. Walikuwa wamefika magotini Shitanda alipotokea na askari wawili.

"Dalmas, kuchimba hifadhini ni kosa."

"Ninamzika mama yangu."

"Najua. Pole sana." Na kwa kweli alikuwa amevua kofia. "Lakini umesoma sheria. Kila siku unawasomea watu."

Askari walimbeba Beldina kwa turubai. Yule wa rungu alishika upande wa kichwa, akawa mwangalifu na kitambaa. Shimo lilifukiwa kabla ya saa sita, na Dalmas akakatwa mshahara wa siku mbili kwa kuacha watalii njiani.

Kisumu kulikuwa na fundi wa kujaza ngozi. Alimjaza Beldina nyuzi za katani na unga wa mbao, akamtia macho ya kioo ya rangi isiyo yake. Juni alirudishwa Kadero ndani ya kabati la kioo, likasimamishwa getini, kando ya meza ya tiketi. Kibandiko kilisema: Mbega, jike, mzee. Kitambaa hakikutajwa.

Tangu hapo ziara ilianzia kwenye kabati. Kila asubuhi kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, na Maximilla alifungua mlango mdogo wa nyuma na kuufuta kwa tambara.

"Dalmas, umekula?" aliuliza Beldina.

"Nimekula, Mama."

"Leo nini?"

"Ugali na mboga."

"Angalau."

Maximilla ndiye aliyegundua vidole. Julai vilikuwa vidogo kama punje za mahindi, kimoja kila mkono, pembeni mwa vile vinne. Agosti vilikuwa na kucha. Kufikia katikati ya Septemba vilikuwa vimekamilika, vigumu na vyenye mikunjo, vidole gumba vya mwanamke aliyelima miaka arobaini.

"Sasa hawana neno," Maximilla alimwambia Dalmas. Alikuwa ameshafungua mlango wa kabati.

Walichukua fomu ile ile. Shitanda mwenyewe alikikandamiza kile cha kulia kwenye wino, kisha kwenye karatasi, akapuliza. Alama ilitoka safi. Alisema katika utumishi wake wote hajaona alama safi kama hiyo, akaituma Kisumu ikahakikiwe.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Shitanda alimwita Dalmas ofisini, akamvutia kiti.

"Wamelinganisha na faili za zamani," alisema. "Mistari yote imekubaliana. Kidole ni chake, hakuna ubishi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni yule yule wa mwaka wa themanini na nne." Aligeuza karatasi. Alama ya zambarau ilikuwa imenakiliwa hapo, na kando yake neno moja kwa mwandiko wa karani. "Mgeni. Na mgeni hazikwi hapa, Dalmas. Anazikwa kwao."

Dalmas aliisogeza karatasi karibu.

"Kwao ni wapi?"

"Hapo hawajaandika."

"Basi nipeni nimpeleke popote. Kama ni mgeni, ni mtu. Mtu hawekwi kwenye kabati."

"Aliye kwenye fomu ni mtu," Shitanda alisema kwa subira. "Aliye kwenye kabati ni mali ya serikali. Hayo ni mafaili mawili." Alirudisha kila moja kwenye droo yake.

Novemba ofisi ilileta benchi la watalii kupumzikia. Liliwekwa kushoto kwa kichuguu cha kale, kwa kuwa ndipo pekee palipokuwa tambarare na bila mti. Hapakuwa na mti kwa sababu Mzee Ogola aling'oa visiki vyote mwenyewe mwaka wa 1961, akimjengea mkewe. Miguu ya benchi ilichimbiwa chini nusu mita, na hilo halikuwa kosa, maana lilikuwa na kibali.

Dalmas bado anaongoza ziara. Jumanne na Alhamisi watalii huwa wengi, na benchi hutosha watu watano. Hukaa hapo wakinywa soda, wakati yeye, ambaye hajawahi kulikalia, husimama mbele yao na kusoma karatasi yake: Msitu wa Kadero haujawahi kukaliwa na binadamu.

"Mwongo," husema sauti kutoka getini, mita mia nne, kupitia miti yote na kioo.

Watalii hugeuka.

"Mlio wa kuonya," husema Dalmas. Huwangoja wamalize soda, kisha huokota chupa.