Maneno Mawili ya Mwalimu Angwenyi

Mwalimu Angwenyi hajawahi kuonja pombe, Msabato wa kuzaliwa, lakini methali yake ilikuwa moja tu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa hiyo hakumsifu mtu. Miaka saba alimfundisha Mokeira kukimbia kwenye vilima vya Nyamache, na miaka saba akamfokea. Akishinda, amechelewa kuongeza kasi. Akivunja rekodi ya kaunti, mabega yamekakamaa. Ala! Hata jiwe lingechoka.

Mokeira alichoka. "Mwalimu, siku moja tu ungeniambia nimekimbia vizuri," alisema, akaenda zake Nyakoe kwa kocha Owiti, mtu wa kupiga makofi hata mkimbiaji akifunga kamba za viatu.

Hapo ndipo Angwenyi alipokiona cha mtema kuni. Kila alfajiri alisimama barabarani na saa yake ya kupimia mbio, na hana wa kumpima. Alitamani binti yule arudi, hata kama ni kugombana tu. Chai ilimkataa. Mkewe, Kemuma, akamwambia waziwazi: "Baba Haron, ni maneno mawili tu. Yatakuvunja meno?"

Jumapili ya mashindano ya Ekerenyo alikwenda, akiyakariri njia nzima. Mokeira alimaliza wa sita. Wa sita, yeye aliyezoea kukata utepe! Angwenyi alimkuta ameketi nyasini peke yake. Akajikaza.

"Umekimbia vizuri, Mokeira."

Binti alimtazama, machozi yakamtiririka. "Mwalimu, hata wewe umenikatia tamaa?"

Lo! Miaka yote hiyo Angwenyi hakujua binti huyu alisikia nini ndani ya makelele yake, na pengine Mokeira mwenyewe hakujua mpaka dakika ile.

"Nani amekata tamaa?" akafoka. "Umekimbia kama umebeba ndizi za soko! Kona ya mwisho umelala, mkono wa kushoto unaning'inia, na yule wa nyuma umempisha kama mgeni wa harusi!"

Mokeira alijifuta uso kwa fulana. Kule langoni gari la Owiti lilipiga honi, na wenzake wakamwita.

"Likiondoka nitapanda boda," alisema, macho bado mekundu. "Haya, Mwalimu. Mkono wa kushoto niufanyeje?"