Kidonge Chenye Mstari

Mfamasia aliponitajia bei mpya ya dawa ya kifafa ya mwanangu, sikulia wala sikubisha. Pesa yangu ilitosha nusu mwezi tu. Nilibaki pale dirishani kama nguo iliyosahauliwa kambani.

"Dada, umenisikia?"

"Nimesikia."

Akashusha sauti. "Kuna vidonge vyenye nguvu maradufu, bei ileile. Vina mstari katikati, vinakatika. Mwombe daktari aandike hivyo, mtoto ameze nusu. Ila asipoandika, usikate."

Daktari aliandika. Nilitegemea kufurahi, lakini mwili ulikuwa umekufa ganzi.

Asubuhi nilikiweka kidonge juu ya kibao, nikashika kisu cha vitunguu. Mama mkwe akachungulia. "Haya, fundi seremala, usitupasulie na meza!"

Kikakatika sawasawa kwenye mstari.

Mwanangu alimeza nusu yake, kisha akaisonta iliyobaki. "Mama, hii ya nani?"

"Yako, ya kesho."

"Na kesho kutwa?"

Siku nyingi sikuwa nimethubutu kufika huko, hata kwa mawazo.

"Nayo ipo, baba," nikamwambia, na vidole vyangu vikaanza kupata joto.