Mikono ya Fuksini

Koleta alifika Tabora mwaka 1955, akitokea Sumbawanga, kufanya kazi ya maabara katika hospitali moja ya mjini. Alipanga chumba kwa Bi Kuluthumu. Wanawake wa uani walimkaribisha vizuri, lakini mazungumzo yakinoga yaligeuka Kinyamwezi, naye akabaki akitabasamu na sufuria yake. Kazini pia alikuwa peke yake: yeye, hadubini, picha ya Malkia ukutani, na chupa ya fuksini. Hiyo ni rangi nyekundu ya kiwandani inayomwagwa juu ya makohozi yaliyokaushwa kwenye kioo. Ukiipasha moto hadi ifuke mvuke, inamwingia mdudu wa kifua kikuu, na kwenye hadubini unamwona kama kipande cha uzi mwekundu.

Mtu pekee aliyesimama kwenye dirisha la maabara bila haraka alikuwa Justus, mkulima wa tumbaku wa Usoke. Alikuwa akimleta mama yake, Leonia, kwa sindano za kifua.

"Leo umewaona wadudu wangapi?" angeuliza.

"Wachache kuliko mwezi uliopita."

"Basi wanakuogopa. Hata mimi nakuogopa kidogo."

Koleta alicheka akiwa ameinamisha kichwa. Aliamini kwamba siku moja Justus angesema neno lenyewe, na alilingoja. Kulianza yeye, hapana. Hata bei ya mchicha alishindwa kubishania.

Siku ya majibu ya Leonia baada ya sindano ya mwisho, kizibo cha chupa kilifyatuka na fuksini ikammwagikia Koleta mikono yote miwili. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa mchanga. Rangi ilibaki imekolea, kuanzia kwenye kucha hadi kwenye vifundo vya mikono. Alikwenda dirishani hivyo hivyo, kwa sababu majibu yalikuwa mazuri na hakutaka mtu mwingine ayatoe.

"Hakuna hata mmoja!" alisema.

Justus hakumtazama usoni. Aliitazama mikono.

"Hongera, Dada Koleta."

"Asante! Nimefurahi mno. Nilikuwa naomba kila siku."

"Kumbe," alisema Justus. "Haya. Mungu ni mwema."

Akaondoka. Koleta alidhani anakimbilia kumpa mama yake habari.

Mvua zilinyesha zikakatika kabla hawajarudi kupima tena. Makohozi yalikuwa safi. Safari hii Justus aliweka chupa ya asali dirishani bila mzaha wowote.

"Ya shemeji," alisema. "Mwambie asiimalize peke yake."

Koleta aliishika chupa, akiwaza huyo shemeji ni nani. Justus alikuwa ameshafika getini Koleta alipoielewa ile hongera. Mjini Tabora, msichana mwenye mikono myekundu namna ile ni bibi harusi aliyepakwa hina. Na yeye alikuwa ameshukuru!

Spiriti ya maabara ilitolewa kwa kipimo. Ilikuwa ya vioo, si ya vidole. Siku hiyo aliichukua bila kuomba, na pamba, akaenda stesheni karibu mbio, kuwawahi kabla ya treni ya Kigoma, inayopita Usoke.

Leonia alikuwa ameshakaa ndani ya behewa, dirishani. Justus alisimama chini. Koleta aliwaonyesha vidole, vyekundu kwa kazi ya asubuhi, akalowesha pamba, akafuta kimoja. Pamba ikawa nyekundu, kidole kikarudi rangi yake.

"Mama yangu!" alisema Leonia. "Anafuta hina! Kamkataa mume hadharani!"

Wachukuzi wawili wakageuka.

"Si hina, mama." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni rangi ya kazi. Hina haifutiki hivi. Sijaolewa. Sijaposwa na mtu."

"Sasa hongera uliipokea ya nini?"

"Ya kifua chako."

Leonia alicheka mpaka akakohoa. Koleta akajikuta ametega sikio: kikohozi kikavu, cha vumbi tu.

Justus hakucheka. Alikuwa akiitazama ile pamba.

"Nimeshaposa," alisema. "Msichana wa kwetu, Usoke. Tunafunga ndoa tukishauza tumbaku." Akashika chuma cha mlango wa behewa. "Ningejua..."

"Yule mtoto wa watu hana kosa," alisema Leonia, kicheko kimemwisha.

"Hana, mama," Koleta alijibu.

Firimbi ikapigwa. Justus alipanda, akabaki mlangoni, na treni ya Kigoma ikaondoka naye akiwa amesimama pale pale.

Koleta hakurudi kazini mara moja. Alikaa kwenye ukingo wa benchi, kati ya wanawake waliokuwa wakisubiri treni ya Mwanza.

"Unakwenda mpaka wapi, binti?" aliuliza mmoja mwenye tenga la kuku.

"Siendi popote."

Yule mwanamke alimtazama kidogo, kisha akalisogeza tenga lake.

"Kaa vizuri basi," alisema. "Usije ukaanguka."